Ukuta wangu wa kwanza ulilala mtoni

Mwezi wa nne, saa kumi alfajiri, nilisikia kishindo nyuma ya jiko. Nikadhani mchikichi umeanguka. Kulipokucha nikakuta ukuta wangu wa mawe, ambao haujamaliza hata msimu mmoja wa mvua, umelala kifudifudi kijitoni. Mchikichi upo pale pale.

Kigoma ni mji wa vilima. Mvua ikinyesha juu, sisi wa bondeni tunaipata yote, na kijito ambacho Agosti mtoto anakiruka kinageuka mto wa tope jekundu. Kilikuwa kinakula ukingo wa uani kwangu kila mwaka, ndiyo maana nikamwita fundi wa nyumba. Akapanga mawe kwa saruji, wima, yakapendeza. Nikapiga na picha.

Aliyenionyesha kosa ni mzee mmoja wa Kasulu, fundi wa kupanga mawe bila saruji. Alichomeka fimbo kwenye udongo uliobaki, akaichomoa. Maji yakachuruzika.

"Mwanangu, huu haukusukumwa na mto. Umesukumwa na uwanja wako."

Maji ya bati langu yalikuwa yanadondokea papo hapo nyuma ya ukuta. Udongo ulishiba, ukawa mzito, na kijito kilipopungua baada ya mvua, maji ya nyuma hayakuwa na pa kutokea. Sikuacha hata kitundu kimoja. Tena msingi ulikaa juu ya mchanga, mto ukauchimba kwa chini.

Safari ya pili tulijenga Agosti, bila saruji. Tulichimba mtaro nusu mita chini ya sakafu ya kijito, mpaka udongo mgumu, na mawe makubwa kuliko yote yakaenda huko, vijana wanne na mtaimbo. Kutoka sakafu ya kijito kwenda juu ni mita 1.2; upana wa chini sentimita 80, unapungua kadiri unavyopanda, na uso wake unalalia ukingo kidogo.

Kwenye mawe mzee alikuwa mkorofi. Kila jiwe likiwekwa, analikanyaga kwa mguu mmoja na kulitikisa. Likicheza, linatoka, linageuzwa, linarudi. Urefu wa jiwe uingie ndani ya ukingo, usililaze ubavu ili lionekane kubwa. Palipokutana mawe mawili, jiwe la juu lipafunike, kama matofali. Mawe ya duara ya kijitoni aliyakataa kwa kuwa yanateleza. Nikanunua tripu za mawe ya kupasua, yenye pembe. Nyuma tukajaza kokoto ili maji yapate pa kupita, unene kama sentimita 30, kuanzia chini hadi karibu na juu. Mafundi watakuambia hapo unatupa pesa. Usiwasikilize. Maji ya bati sasa yanaingia kwenye tangi.

Ncha mbili za ukuta tulizizamisha ukingoni zaidi ya mita moja, la sivyo maji hupitia mgongoni. Juu nikapanda vetiva, nyasi ambayo mizizi yake hushika udongo.

Usijiongezee uwanja kwa kusogeza ukuta ndani ya kijito. Utayatupa maji kwa mwenzako. Jirani yangu wa ng'ambo alikuja na futi yake kupima, na sikumlaumu.

Kibali ningekitaja mwanzoni kabisa, maana mimi nilikifuata baada ya kuangukiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo kabla ya kushika jembe pita Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi iko hapa hapa mjini. Na kama ukingo wako unakuzidi kimo, mtafute mhandisi. Mawe ya kupanga kwa mkono hayakufai.

Mvua zilizopita ziling'oa mawe mawili ya juu. Niliyarudisha mwenyewe asubuhi, kabla chai haijachemka.