"Amoral", "immoral", "unethical": kwa nini "isiyo na maadili" haitoshi

SWALI: Natafsiri mwongozo wa wafanyakazi kutoka Kiingereza. Sentensi tatu zimenikwamisha: "The algorithm is amoral", "Immoral conduct will lead to dismissal" na "Unethical conduct must be reported". Zote nimetumia "isiyo na maadili" au "usio na maadili", na mhariri amezirudisha zote. Tofauti iko wapi?

JIBU: Mhariri yuko sahihi. Tatizo limejificha kwenye ukanushi wetu: tukisema fulani hana maadili, tunamlaumu. Hakuna anayesema mamba hana maadili, ingawa kweli hana. Kiingereza kimeyatenga mambo hayo kwa viambishi viwili.

"Immoral" ni lawama. Mtu anajua jema na baya, akafanya baya. "Amoral" ni kitu kilicho nje ya mizani hiyo kabisa: mvua, kisu, mtoto mchanga, algoriti (kanuni ya hesabu ambayo kompyuta huifuata). "Im-" ni "in-" ya Kilatini iliyogeuka mbele ya "m". "A-" ni ya Kigiriki, ikabandikwa kwenye mzizi wa Kilatini. Neno "amoral" lenyewe ni changa: mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson alilitumia mwaka 1882, akilitenga na "immoral". Kwa hiyo andika: "Algoriti haipambanui jema na baya." Ukiandika "algoriti isiyo na maadili", msomaji ataelewa kwamba imeundwa ili idhulumu watu.

Angalia jambo moja: "amoral" ikimhusu mtu mzima, lawama inarudi. Huyo ni mtu asiyejali jema wala baya, na kwangu ni tuhuma nzito kuliko "immoral", maana mwovu wa kawaida angalau dhamiri humsuta.

Chunguza pia nafasi kati ya maneno. "A moral question" ni swali la kimaadili. "Amoral" ni kinyume chake, na herufi ni zilezile. Kikagua tahajia hakitakuonya, kwa sababu maandishi yote mawili ni sahihi. Kipimo ni kilichotangulia: "amoral" huanza na irabu, hivyo hudai "an". "He is a moral man" ni sifa. "He is an amoral man" ni tuhuma. Ukikuta "a amoral" au "an moral", usikisie. Muulize mwenye andiko alikusudia nini. Kwa mdomo, "amoral" hutamkwa kwa kuanza na "ei".

"Unethical" ndiyo inayosumbua zaidi, kwa kuwa sisi tuna "maadili" tu kwa "morals" na kwa "ethics". Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya Tanzania, ya mwaka 1995, kwa Kiingereza ni "Public Leadership Code of Ethics Act": hapo maadili ni "ethics", yaani kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya cheo au taaluma. Chukua afisa manunuzi aliyempa ndugu yake zabuni bila kutangaza undugu wao. Nyumbani atasifiwa kwa kuwajali wake. Bei inaweza hata kuwa nzuri na kazi safi. Bado ametenda jambo "unethical", kwa sababu kanuni ya kazi inamtaka atangaze mgongano wa maslahi na kukaa kando. Vivyo hivyo wakili anayetoa nje siri ya mteja: huenda amesukumwa na huruma, lakini amevunja miiko ya uwakili. Tafsiri yake basi ni "kukiuka maadili ya kazi" au "kuvunja miiko ya taaluma". Ukiacha "ya kazi" au "ya taaluma", umemwita afisa yule mwovu, na andiko halikusema hivyo.

"Immoral conduct" nayo inadai tahadhari. Kwenye miongozo ya kazi na maandiko ya sheria mara nyingi huelekea mambo ya zinaa; "immoral earnings", kwa mfano, ni pato la ukahaba. Tazama sehemu ya ufafanuzi wa maneno mwanzoni mwa mwongozo. Ikiwa imelenga huko, "mwenendo mchafu" unafaa. Ikiwa ni uovu wa jumla, "mwenendo mwovu". Kama mwongozo haukufafanua, mwandikie mteja kabla ya kuchagua, maana mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa neno hilo.

Katika mwongozo kama huo huenda ukakutana pia na "low morale". Hiyo "e" ya mwisho inabadili kila kitu: mkazo unahamia silabi ya pili, na maana ni ari au moyo wa kazi. "Low staff morale" ikiwa "maadili duni ya wafanyakazi", umewatuhumu watu waliokuwa wamekata tamaa tu. Andika "ari ya wafanyakazi imeshuka".

Sentensi zako, basi: "Algoriti haipambanui jema na baya." "Mwenendo mchafu (au mwovu, kulingana na ufafanuzi) utasababisha kuachishwa kazi." "Ukiukaji wa maadili ya kazi lazima uripotiwe."