Maswali ya Wasomaji: Kumnakili Frida Kahlo kwa Rangi za Mafuta

SWALI: Wataalamu wetu, salamu. Penseli naimudu, ila rangi za mafuta ndiyo kwanza naanza. Nataka kujifunza kwa kunakili ile picha ambayo Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, alijichora mwaka 1940, akiwa na mkufu wa miba na ndege mvumaji aliyening'inia shingoni. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na vipimo. Picha yenyewe ina kimo cha takriban sentimita 61 na upana wa 47, kwa hiyo kanvasi ya 65 kwa 50 inawiana nayo vizuri. Piga miraba ya sentimita 5. Utapata 13 kwenda chini na 10 kwenda pembeni. Igawe vivyo hivyo nakala unayoitazamia, kisha uhamishe mchoro mraba kwa mraba kwa mkaa wa kuchorea. Pangusa mkaa uliozidi, la sivyo utaingia kwenye rangi nyeupe na kuifanya ya kijivu.

Halafu paka vivuli vyote kwa amba iliyochomwa, yaani rangi ya kahawia iliyokolea, ukiizimua kwa tapentaini hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi. Amba hukauka upesi, mara nyingi kwa siku moja au mbili. Hapo ndipo pa kuurekebisha uso. Kahlo anatutazama moja kwa moja, hivyo nyusi zile zilizoungana zikipinda kidogo tu, kila mtu ataona. Kosa ukiliacha hapa, utahangaika nalo hadi mwisho.

Baada ya hapo toka nyuma uje mbele: majani, likiwemo lile kubwa la njano nyuma ya kichwa, nywele, tumbili wa kushoto na paka wa kulia, uso, shingo na blauzi. Miba, ndege na vipepeo vya kichwani viwe vya mwisho.

SWALI: Nimefika kwenye miba, lakini inaburura rangi ya ngozi na kuwa matope. Paka naye amefifia, weusi wake hauna mng'ao. Nimekosea wapi?

JIBU: Miba umeiwahi. Rangi ya ngozi ina nyeupe ya titani nyingi, nayo yaweza kukaa mbichi wiki nzima au zaidi. Iguse kwa kidole, ikinata, subiri. Ikishakauka, changanya amba na bluu ya altramarini, ongeza matone machache ya mafuta ya kitani ili rangi iteleze, kisha tumia brashi nyembamba yenye nywele ndefu. Vuta kutoka shina la mwiba kwenda ncha huku ukiinua mkono. Usisahau kivuli chembamba chini ya kila tawi. Bila hicho mkufu unaelea hewani.

Paka amefifia kwa sababu tabaka la chini limefyonza mafuta. Usiongeze nyeusi. Akikauka, mpake mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa, kisha futa hadi ubaki utando tu. Kumbuka pia kwamba kila tabaka la juu linapaswa kuwa na mafuta mengi kuliko la chini yake. Ukigeuza, la juu litakauka wakati la chini bado linacheza, na picha itapasuka.

Na weusi usiwe mmoja kila mahali. Nywele zivute kwenye kahawia, paka kwenye bluu, na weusi mzito kuliko wote umbakizie ndege. Katika imani za jadi za Meksiko, ndege huyu akikaushwa huwa hirizi ya mapenzi. Kahlo alimchora mweusi na mfu, mwaka mmoja baada ya talaka yake na Diego Rivera. Ndege akimezwa na rangi za jirani, umenakili sura tu.

SWALI: Vanishi nipake lini? Na vitambaa vyenye mafuta nivitupe vipi?

JIBU: Vanishi isubiri angalau miezi 6, au mwaka ikiwa rangi ni nene. Vitambaa ni jambo la siku hiyohiyo: mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje hadi kikakamae, au kiloweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.