Umenyimwa fidia ya nyayo bapa? Anza na karatasi za siku ya kuandikishwa

Ndugu, umeuliza kama ukate rufaa baada ya VA, idara ya maveterani ya Marekani, kukunyima fidia ya ulemavu kwa hoja kwamba uliingia jeshini ukiwa tayari na nyayo bapa. Kata.

Nami nilitoka Kenya na green card, nikaingia jeshi la Marekani (Army) na miguu ya namna hiyo hiyo. Daktari wa uandikishaji aliandika kwamba nyayo ni bapa, hazina maumivu. Likishaandikwa hivyo, usipoteze nguvu kudai jeshi ndilo lililokupa tatizo. Dai kwamba lilizidisha. Sheria iko upande wako hapo: tatizo la zamani likizidi ukiwa kazini, huhesabiwa kuwa utumishi ndio ulioliongeza, mpaka VA wathibitishe waziwazi kwamba lingezidi tu lenyewe.

Basi tafuta rekodi za zahanati ya kikosi, vyeti vya kusamehewa kukimbia, soli ulizopewa. Zangu zilikuwa karatasi chache za baada ya matembezi ya mzigo, lakini palipokuwa "bila maumivu" sasa pameandikwa "maumivu", na tarehe zipo. Mwenzako wa kikosi aliyekuona ukichechemea naye aandike aliyoyaona.

Ushahidi huo ukiwa mpya, jaza fomu 20-0995, ya dai la nyongeza. Kama wote ulikuwa ndani ya faili na haukuzingatiwa, ni 20-0996, ya kuomba uamuzi upitiwe upya: huongezi karatasi, ila unaweza kuomba kuzungumza kwa simu na mkaguzi wa ngazi ya juu. Kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, huchukua muda. Mimi ningeiacha iwe ya mwisho. Vyovyote vile, peleka fomu kabla mwaka haujaisha tangu tarehe ya barua ya kukataliwa, usije ukapoteza malipo ya nyuma.

Siku ya uchunguzi wa miguu unaoagizwa na VA usijikaze kiume. Aliyenipima alitaka kuandika ripoti nikiwa na soksi! Nikazivua, nikamwonyesha sugu. Sugu, uvimbe ukitembea, maumivu makali zaidi akikuminya na mguu uliopinda wazi ndivyo vinavyotenganisha kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 na cha 30 kwa miguu yote miwili. Ile 50 ni ngumu: kano ya kisigino iwe inakaza vibaya na soli maalumu zisisaidie kitu.

Wawakilishi wa vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa hawatozi hata senti kwa kuandaa madai. Ukitaka, bandika hapa aya ya sababu za kukataliwa, ukifuta jina na namba zako, tuisome pamoja.