Zari kwa liwali, na kaniki je?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama vazi la kihistoria la maonyesho ya mtaani ni lazima lishonwe kwa mkono. Ndiyo, lazima. Joho lililopigwa cherehani linajulikana tangu mbali: ukosi umekakamaa, zari imenyooka kama mstari wa rula. Ila linaloniuma ni jingine: mkono huo huwa unamshonea nani?

Nilipokuwa mtoto hapa Unguja, shangazi alishona joho la kijana aliyeigiza liwali, yaani gavana wa sultani, katika maonyesho ya mtaa wetu. Kila usiku baada ya isha alitarizi uzi wa zari kuanzia ukosini hadi kifuani, akifumua kila ulipokwenda upande, sisi watoto tukimtungia sindano. Wasichana walioigiza watumwa walinunuliwa kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba, dukani asubuhi ile ile, zikachanwa vipande, wakaachiwa wajifunge wanavyojua. Msafara ulipopita, bibi mmoja mkongwe hakulitazama joho hata kidogo. Alimwita msichana wa kaniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haifungwi hivyo, sogea."

Akamkaza upya juu ya kifua, ncha akaibana chini ya kwapa, kisha akaisugua nguo kwa kidole na kukitazama kidole. Ya zamani, alisema, ilichuja nili, rangi yake ya buluu iliyokolea, hadi ngozi ikageuka rangi. Mama yake ndiye aliyemsimulia. Msafara mzima ulisimama juani kumsubiri, liwali naye ndani ya joho lake.

Unguja na Pemba utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, masuria wakangoja hadi 1909. Wanawake wengi walioachwa huru waliitupa kaniki wakajifunga kanga. Joho lilikuwa la wachache. Kaniki ndiyo waliyovaa bibi zetu wengi, na ndiyo tunayoifanyia haraka.

Nikifika hapa siwezi tena kusema "lazima" kama nilivyoanza. Muda wa fundi ukiwa mchache, joho lipigwe cherehani, ukosi tu ubaki wa mkono. Kaniki ndiyo ichovywe nili kwa mkono, na atafutwe mzee wa kufundisha namna ya kuifunga. Nasema hivi kwa mtaa wenye mafundi wake. Shule isiyo na fundi isikataliwe kushiriki kwa sababu ya sindano. Na msichana atakayeivaa aulizwe kwanza, yeye na wazazi wake. Zipo familia zisizotaka binti yao aonekane hadharani ndani ya kaniki, na wana haki.