BWANA na Bwana: kwa nini herufi hutofautiana?

SWALI: Katika Zaburi 110:1, Biblia yangu ya Union imeandika "Neno la BWANA kwa Bwana wangu". Je, ni kosa la uchapaji?

JIBU: La, ndugu msomaji. BWANA ya herufi kubwa tupu inasimama badala ya YHWH, jina la Mungu la konsonanti nne, linalopatikana zaidi ya mara 6,800 katika Agano la Kale la Kiebrania. Ya pili ni neno la kawaida la heshima. Wayahudi waliacha kulitamka jina hilo, wakasoma "Adonai", yaani Bwana. Waandishi wakaliwekea YHWH irabu za Adonai. Msomaji asiyejua desturi hiyo akizisoma pamoja, anapata "Yehova". Union yenyewe inaandika YEHOVA katika Kutoka 6:3 na Zaburi 83:18.

Maneno hayo mawili yakifuatana katika Kiebrania, Adonai YHWH, kuandika "Bwana BWANA" kungechekesha. Ndiyo maana kitabu cha Ezekieli katika Union kina "Bwana MUNGU". Tafsiri nyingine, Biblia Habari Njema, kwa YHWH hutumia "Mwenyezi-Mungu", na hapo hata msikilizaji kanisani anatambua tofauti. Herufi kubwa hazisikiki.