Jibu: Picha ziko safi, lakini video ya juani inarukaruka

Mkuu, umesema picha za kawaida zinatoka vizuri, ila ukirekodi video juani kwa shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde, mtu akitembea anaonekana kama anarukaruka. Kamera haina ubovu. Ni hiyo shata.

Kwenye picha, shata ya kasi inagandisha mwendo, na ndicho unachotaka. Video ni tofauti: kila fremu, yaani kila picha moja inayounda video, inahitaji ukungu kidogo wa mwendo ili jicho liziunganishe. Kanuni ya kuanzia ni shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu kwa sekunde. Fremu 25, weka 1/50. Fremu 50, weka 1/100.

Sasa utaniambia kwa 1/50 juani kila kitu kinakuwa cheupe. Kweli, maana mwanga unaoingia umeongezeka mara 40! Shusha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hadi chini kabisa, kama haiko huko tayari. Wengi hapo hukimbilia kufunga lenzi hadi f/22, yaani tundu la mwanga liwe dogo sana. Mimi siipendi njia hiyo: picha inapoteza ukali, na kila takataka ya nyuma inaonekana wazi. Afadhali filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga kinachowekwa mbele ya lenzi. ND32 inapitisha sehemu 1 tu kati ya 32 za mwanga, kwa hiyo inakaribia kabisa hesabu yako. Kinachobaki, funga lenzi kidogo tu.

Halafu mizani ya rangi nyeupe (white balance, inayorekebisha rangi kulingana na mwanga) usiiache kwenye oto, rangi zitabadilika katikati ya rekodi. Chagua ile ya jua.