Ukipanga msafara wa Montréal, uliza habari za ngazi kwanza

Kila anayekabidhiwa kupanga msafara wa kuja huku Montréal, mji wa jimbo la Quebec nchini Kanada, uwe wa harusi, mahafali au kongamano la kanisa, huniuliza lilelile: tutaelewana nao vipi na Kifaransa chetu cha kuokoteza? Ndugu yangu, Kifaransa hakitakuangusha. Ni kweli kwamba lugha rasmi ya Quebec ni hiyo peke yake, na tangu Sheria 101 ya mwaka 1977 imetawala mabango, hata kibao cha kusimamisha magari kimeandikwa ARRÊT. Lakini katikati ya mji muuzaji atakupokea kwa "Bonjour-Hi", nawe uchague upande. Itikia "bonjour" hata kama ndilo pekee ulilo nalo, kisha endelea kwa Kiingereza. Salamu kwanza, shida baadaye. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Wenzetu wa Bukavu, Kongo, tu ndio wajue kwamba wakitaja tisini kwa "nonante" kama kwao, watakodolewa macho.

Kinachovuruga misafara ni ngazi.

Nyumba nyingi za zamani za mtaa wa Plateau zina ngazi za chuma upande wa nje, nyembamba na zilizopinda, zinazotoka barabarani moja kwa moja hadi ghorofani. Kwenye picha za tangazo zinapendeza sana. Mwezi wa Januari, zikiwa zimeshika barafu na bibi mwenye magoti mabovu anashuka akiwa na mkoba wake, hazipendezi hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kulipia nyumba, muulize mwenyewe: toka barabarani hadi kitandani kuna vidato vingapi, na viko ndani au nje? Akikujibu "vichache tu", omba picha.

Tangazo lenyewe liwe na namba ya usajili wa utalii. Machi 2023 jengo moja la Vieux-Montréal, yaani mji mkongwe, liliungua na watu 7 wakafa, wakiwemo wageni waliopangisha kwa siku chache. Baada ya hapo Quebec iliyabana majukwaa ya mtandaoni yasitangaze nyumba isiyo na namba hiyo. Hata hivyo, mkifika, tafuteni mlango wa pili wa kutokea kabla hamjafungua masanduku.

Metro ni nzuri, lakini ilifunguliwa mwaka 1966 bila kumfikiria mwenye kiti cha magurudumu. Ina vituo 68, na lifti zinaongezwa kidogokidogo. Bado si kila kituo kinayo. Tazama ramani mapema, kituo cha kupandia na cha kushukia pia. Halafu kuna milango ya kuingilia stesheni: upepo wa treni huisukuma hadi mama mwenye mtoto mgongoni anashindwa kuivuta. Mpange atembee na kijana mwenye nguvu. Mimi huwapendelea basi, maana zina ubao wa kupandishia kiti, na basi moja la polepole ni afadhali kuliko metro mbili za kubadilisha. Toka uwanja wa ndege liko basi namba 747, usiku na mchana. Usiku pia, anayesafiri peke yake anaweza kumwomba dereva amshushe kati ya vituo viwili, karibu na anakolala. Huduma hiyo ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wanawake.

Wakatoliki watataka kwenda Oratoire Saint-Joseph, kanisa kubwa la hija, penye vidato 283, na safu ya mbao katikati kwa wanaopanda kwa magoti. Kuna lifti. Liseme hilo kwa kundi zima siku iliyotangulia, kama taarifa ya kawaida, ili asiyeweza kupanda asilazimike kujieleza mbele ya watu.

Waislamu huniuliza habari za hijabu kwa sababu ya Sheria 21 ya mwaka 2019. Hiyo inawakataza baadhi ya watumishi wa umma, kama walimu na polisi, kuvaa alama za dini kazini; haimhusu mgeni. Anayevaa nikabu ajue tu kwamba kwenye ofisi ya serikali anaweza kutakiwa afunue uso ili atambuliwe. Nyama ya halali mtaipata bila shida mitaa ya Côte-des-Neiges na Parc-Extension.

Pesa: bei ya kwenye rafu haina kodi. Cha dola 100 utakilipia karibu 115, na kwenye mgahawa mhudumu anategemea bakshishi ya kama asilimia 15 juu yake.

Kuhusu tarehe, kwepa mwisho wa Juni na Julai mosi kama unaweza. Tamasha la jazi limepamba moto, na Julai mosi nusu ya mji inahama nyumba. Septemba kuna joto la kutosha na nafasi za kulala.

Bima ya safari usiiache kwa hiari ya mtu. Mgeni asiye nayo hospitali itamtoza gharama zote. Kwenye orodha ya msafara, mbele ya kila jina, andika namba ya bima na dawa anazotumia, kwa majina ya kitaalamu, si "vile vidonge vyeupe". Ndivyo atakavyoulizwa na muuguzi wa 811, simu ya ushauri wa afya. Kwa dharura yenyewe ni 911.